Watakatifu katika Vioo vya Rangi: Canterbury, Zanzibar na Masasi

1. Utangulizi

Usharika unapojenga kanisa jipya, mara nyingi huja siku ambayo kamati ya ujenzi hujiuliza kuhusu dirisha lililo juu ya madhabahu. Je, liwekwe kioo cha kawaida, au kioo cha rangi chenye sura ya mtu? Na kama ni sura ya mtu, awe nani? Baadhi ya wazee hujibu kwamba sura za watakatifu si mambo ya Walutheri. Wengine husema kwamba dirisha ni pambo tu, wala halimdhuru mtu. Kwa maoni yetu majibu yote mawili ni mepesi mno. La kwanza linasahau yale tunayoyaungama sisi wenyewe juu ya watakatifu. La pili linasahau kwamba kitu kinachotazamwa na mkutano kila Jumapili kwa muda wa miaka hamsini hakiwezi kuwa pambo tu, kwa kuwa kinafundisha, iwe tumekusudia au hatukukusudia.

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza jambo hili kwa njia ya historia. Tutaanza na kipimo cha Ungamo letu, kisha tutayatazama madirisha ya kale ya Mtakatifu Thomas huko Canterbury, Uingereza. Kutoka hapo tutamfuata mtu mmoja aliyesoma katika mji huo, kisha akaja kuwa kasisi katika pande za Makote, yaani nchi ya Masasi na Newala. Njia hiyo itatupitisha Zanzibar, katika Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini, na kutufikisha Masasi penyewe. Tunaamini kwamba mwishoni swali la kamati ya ujenzi litakuwa limebadilika. Halitakuwa tena kama yafaa kuwakumbuka watakatifu, bali ni nani tunaowakumbuka, na kwa ajili ya nini.

2. Kipimo cha Ungamo

Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano tarehe 25 Juni 1530, katika jumba la askofu lililokuwa karibu na kanisa kuu la mji huo. Ndani ya kanisa kuu hilo yamo madirisha matano ya manabii, Musa, Daudi, Hosea, Danieli na Yona, ambayo ni miongoni mwa madirisha ya kale kabisa ya aina hiyo yaliyosalia duniani. Basi waungamaji wetu hawakuandika maneno yao katika nchi isiyojua vioo vya rangi. Walijua vizuri walichokuwa wakikisema.

Walisema nini? Kifungu cha 21 kinafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili tuifuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu katika wito wake, lakini Maandiko hayatufundishi kuwaomba watakatifu wala kutafuta msaada kwao, kwa maana Mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu (1 Tim. 2:5). Philipp Melanchthon alilipanua jambo hilo katika Utetezi wa Ungamo, akataja heshima tatu zinazowapasa watakatifu. Ya kwanza ni shukrani: tumshukuru Mungu kwa kuwa amelipa Kanisa waalimu na vielelezo vya rehema yake. Ya pili ni kuimarishwa kwa imani: tunapoona kwamba Petro alisamehewa baada ya kumkana Bwana, sisi nasi tunatiwa moyo kuamini kwamba neema huzidi dhambi. Ya tatu ni kuiga, kwanza imani yao, kisha matendo yao mengine.

Juu ya sura zenyewe, Luther alisema wazi katika mahubiri manane aliyoyatoa Wittenberg mwezi wa Machi 1522, baada ya Karlstadt na wenzake kuanza kuziondoa sura makanisani. Alifundisha kwamba sura hazikuamriwa wala hazikukatazwa, na kwamba sanamu inayotakiwa kuvunjwa kwanza ni ile iliyo moyoni, nayo huvunjwa kwa kuhubiri Neno. Tena mwaka 1525 aliandika kwamba mtu anaposikia habari za Kristo msalabani, sura yake hujichora moyoni. Na kama si dhambi kuwa nayo moyoni, haiwezi kuwa dhambi kuwa nayo mbele ya macho.

Hivyo tunacho kipimo. Tulijaribu kila dirisha kwa maswali matatu: Je, linatufundisha kumshukuru Mungu? Je, linaitia nguvu imani yetu? Je, linatuonyesha la kuiga?

3. Madirisha ya Mtakatifu Thomas

Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliuawa ndani ya kanisa lake kuu tarehe 29 Desemba 1170 na askari wanne wa Mfalme Henry wa Pili, baada ya ugomvi mrefu juu ya haki za Kanisa mbele ya mamlaka ya mfalme. Mwaka 1173 alitangazwa kuwa mtakatifu. Mwaka uliofuata sehemu ya mashariki ya kanisa kuu iliungua, na katika kuijenga upya mafundi walitengeneza mahali pa kuwekea masalio yake. Mwili wake ulihamishiwa huko tarehe 7 Julai 1220. Kuzunguka mahali hapo yaliwekwa madirisha 12, ambayo sehemu yake bado ipo mpaka leo, yenye kusimulia miujiza iliyosemekana kutendeka kaburini pake.

Ufundi wake unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna theolojia. Kioo kilitiwa rangi kikiwa bado kinayeyuka tanuruni, kikakatwa vipande vidogo, nyuso na mikunjo ya nguo ikachorwa kwa wino mweusi na kuchomwa, kisha vipande vyote vikaunganishwa kwa mishipi ya risasi. Ukilitazama dirisha la namna hiyo usiku, au ukiwa nje mchana, huoni kitu ila weusi wa risasi. Picha huonekana kwa yule tu aliye ndani, wakati nuru inapopita toka nje. Watu wa zamani waliona katika jambo hilo mfano wa neema: kioo hakina nuru yake chenyewe, na mtakatifu vivyo hivyo. Mlutheri hana la kupinga hapo.

Jambo la pili la kuzingatia ni watu wanaoonekana katika picha hizo. Mgeni anayetarajia kumwona askofu mkuu katika utukufu wake hushangaa, kwa sababu mara nyingi anachokiona ni kaburi tu, sanduku la mawe lenye matundu ya mviringo ubavuni, ambamo wagonjwa waliingiza vichwa vyao ili wakaribie jeneza. Wanaojaza vioo ni wagonjwa wenyewe: mkoma, mwenye wazimu aliyefungwa kamba na kupigwa fimbo na wanaomleta, mama, mtoto. Yumo Eilward, mkulima aliyehukumiwa kwa wizi akapofushwa macho na kuhasiwa, naye akasimuliwa kwamba alirudishiwa alichonyang'anywa. Katika zama ambazo picha nyingi zilikuwa za wafalme na malaika, hapa mkulima aliyeadhibiwa na serikali alipewa uso na jina, akawekwa mahali penye heshima kuliko pote kanisani.

Lakini yako na mengine. Waliokuja Canterbury walipewa maji yaliyosemekana kuchanganywa na damu ya Thomas, wakayachukua nyumbani katika vichupa vya madini. Dirisha moja linasimulia habari za Jordan Fitz-Eisulf, ambaye mwanawe alikufa akafufuka kwa maji hayo. Baba aliweka nadhiri ya kwenda kutoa shukrani, akachelewa. Ndipo mauti yakairudia nyumba ile na kumchukua mwana mwingine, na katika kioo adhabu hiyo inaonekana ikishuka kwa upanga juu ya jamaa yake.

Msomaji aliyelelewa kusini mwa Tanzania hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Wazee wa Wayao, Wamakua na Wamakonde waliwakumbuka marehemu wao kwa kumwaga unga chini ya mti, na walijua hofu ya marehemu aliyesahauliwa, anayedai haki yake kwa ugonjwa wa mtoto. Dirisha la Jordan linamfanya mtakatifu kuwa mzimu mwenye cheo. Hapo ndipo Ungamo letu linapotia mkasi. Mtakatifu anayelipiza kisasi kwa nadhiri iliyocheleweshwa hatufundishi shukrani wala haitii nguvu imani. Anatufundisha woga, na woga huo unamwondolea Kristo kazi yake ya upatanisho.

Uingereza ililitatua tatizo hili kwa nyundo. Mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane aliamuru kaburi la Thomas livunjwe, na jina lake na sura zake vifutwe. Mwaka 1643 mchungaji mmoja wa Kipuritani, Richard Culmer, aliongoza uvunjaji mwingine wa vioo katika kanisa kuu hilo. Hata hivyo madirisha mengi ya miujiza yalipona, na mwaka 2021 moja kati yake liliteremshwa na kuonyeshwa katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Nyundo ilimwondoa mtakatifu mezani, lakini haikumjibu mtu aliyekuwa akiogopa. Jibu hilo lilihitaji mahubiri, kama Luther alivyosema.

4. Cecil Majaliwa, kutoka Canterbury hadi Chitangali

Nje kidogo ya ukuta wa kale wa mji wa Canterbury, si mbali na kanisa kuu, kilianzishwa mwaka 1848 Chuo cha Mtakatifu Augustino kwa ajili ya kuwaandaa wamisionari. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani, Zanzibar, katika shule ya Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA). Mwaka 1886 alifanywa shemasi na kutumwa Chitangali, pande za Newala, kwa watu wa kabila lake mwenyewe. Mwaka 1890 akapewa ukasisi, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo.

Misheni ya Masasi ilikuwa imeanzishwa mwishoni mwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoondoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa ili kuwarudisha karibu na nchi zao za asili. Shabaha ya mbali ilikuwa Ziwa Nyasa, lakini watu walipofika Masasi walipendelea kukaa hapo. Mwezi wa Septemba 1882 kijiji chao kilishambuliwa na Wagwangwara, na baadhi yao wakachukuliwa mateka, watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja. Chauncy Maples aliihamishia kazi Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao. Katika nchi iliyojeruhiwa namna hiyo Majaliwa alifanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi, mara nyingi bila Mzungu karibu naye, akalijenga kanisa la Chitangali pamoja na Barnaba Nakaam, mkuu wa mahali. Wako waliotazamia kwamba angekuwa askofu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1897 alirudishwa Zanzibar, na Dayosisi ya Masasi, iliyoundwa mwaka 1926, ilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Hilary Chisonga, mwaka 1968.

Hatumtaji Majaliwa kana kwamba hakuwa na dosari. Ungamo letu halihitaji watakatifu wasio na dosari, kwa maana mtakatifu ni mwenye dhambi aliyesamehewa. Tunamtaja kwa sababu alitoka katika mji wenye dirisha la mkulima Eilward, akaja kuwahudumia watu walionyang'anywa zaidi ya alivyonyang'anywa Eilward. Basi na tuulize: watu hao waliwekwa katika dirisha gani?

5. Vioo na shimo la Mkunazini

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa mwezi wa Juni 1873. Wakati wa Krismasi mwaka huohuo uliwekwa msingi wa Kanisa la Kristo mahali pale pale, na madhabahu yake, kwa mapokeo ya kanisa hilo, ipo mahali pa mti wa kuchapia watumwa. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka nguzo kadhaa juu chini wakati Steere alipokuwa safarini. Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu.

Madirisha ya vioo vya rangi ya kanisa hilo yanawakumbuka mabaharia wa Uingereza waliokufa katika doria za kuzuia biashara ya watumwa, na mojawapo ni la kumkumbuka David Livingstone. Karibu nayo upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Hatuna sababu ya kuwanyima hao shukrani. Wengi wao walikufa vijana, kwa homa, mbali na kwao, katika kazi iliyokuwa ya haki. Kwa kipimo cha heshima ya kwanza, madirisha hayo yamestahili.

Lakini kwa kipimo cha pili na cha tatu kuna upungufu. Aliyekombolewa haonekani. Nuru ya Mkunazini ilipita katika majina ya wakombozi, huku waliokombolewa wakiwa sakafuni wakiitazama. Ni kinyume cha Canterbury, ambako mtakatifu alijificha kaburini na maskini wakajaza kioo. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja na ishirini toka msingi ulipowekwa hadi watumwa walipopewa sura hapo. Mwaka 1998 msanii wa Uswidi Clara Sörnäs alitengeneza sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, zikawekwa nje ya kanisa, ndani ya shimo lililochimbwa ardhini. Ni kazi ya ukweli mkubwa, na kila mgeni huondoka kimya. Hata hivyo inawaonyesha katika minyororo. Wale waliofunguliwa wakatembea hadi Masasi, wakalima, wakabatiza watoto, wakazika ndugu zao baada ya vita vya mwaka 1882, bado hawana dirisha.

6. Kisu cha Bartholomayo

Kanisa kuu la Masasi limewekwa chini ya majina ya Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartholomayo. Agano Jipya halisemi juu ya Bartholomayo ila jina lake katika orodha za mitume (Mt. 10:3, Mk. 3:18, Lk. 6:14, Mdo. 1:13). Hakuna neno lake hata moja lililoandikwa, wala tendo lake. Mapokeo ya baadaye yakasema kwamba alichunwa ngozi akiwa hai, na kwa hiyo mafundi wa vioo wa Ulaya wakamtambulisha kwa kisu mkononi, pengine na ngozi yake mwenyewe juu ya mkono.

Tuchukulie kwamba dirisha la namna hiyo linawekwa mbele ya mkutano wa Masasi au Newala. Kijana wa Ulaya angeona katika kisu kile mauaji. Kijana wa Makote angeona kwanza kisu cha ngariba. Katika nchi hii kisu ni cha jando, mahali ambapo mtoto huondolewa utoto wake na kurudi kijijini na jina jipya. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi tangu 1926 hadi 1944, anajulikana kwa sababu hakulipiga marufuku jando kama misheni nyingine zilivyofanya. Tangu kabla ya kuwa askofu alijaribu kuliweka chini ya malezi ya Kanisa, akitegemea sana ushauri wa makasisi Waafrika waliojua mila hiyo kwa ndani. Watu wamebishana juu ya jaribio hilo tangu siku hizo, na wataendelea kubishana. Kwetu sisi linaonyesha kwamba ishara haisafiri kama mzigo uliofungwa. Inapofika pwani nyingine inaanza kusema lugha ya hapo, na mhubiri asiyeijua lugha hiyo ataachwa nje ya mazungumzo.

Lakini mhubiri anayeijua hakosi andiko. Mtume Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba wametahiriwa kwa tohara isiyofanyika kwa mikono, kwa kuuvua mwili wa nyama katika tohara ya Kristo, wakazikwa pamoja naye katika ubatizo (Kol. 2:11-12). Ngozi iliyo mkononi mwa Bartholomayo, kisu cha jando na maji ya ubatizo vinakutana hapo. Mtazamaji wa Makote yuko karibu na andiko hilo kuliko fundi wa Ulaya aliyechora kisu.

Tena Bartholomayo anafaa Masasi kwa sababu nyingine. Yeye ni mtume wa jina tu. Waliofika Masasi mwaka 1876 wako hivyo: majina katika daftari la ubatizo, mengi yakiwa majina waliyopewa baada ya kukombolewa, na zaidi ya hapo kidogo sana. Kama Kanisa la ulimwengu wote limemheshimu kwa karne nyingi mtume ambaye habari zake hazikuandikwa, basi halina udhuru wa kusema kwamba watu hawa hawawezi kukumbukwa kwa kuwa habari zao ni chache.

7. Hitimisho

Paulo anawaita watakatifu wote walio katika Kristo Yesu (1 Kor. 1:2, Flp. 1:1), na Waraka kwa Waebrania unatutaka tuwakumbuke waliotuongoza na kuiiga imani yao (Ebr. 13:7). Kwa msingi huo tunapendekeza mambo matatu kwa sharika zetu na kwa wanafunzi wetu wa theolojia.

Kwanza, kamati ya ujenzi isichague dirisha katika kitabu cha fundi kabla ya kuuliza ni akina nani waliolileta Neno mahali hapo. Wainjilisti, wanawake waliofundisha watoto chini ya mti, na wakombolewa kama wale wa Masasi, hao ndio wingu la mashahidi lililo karibu nasi. Mahali ambapo fedha za kioo hazipo, majina yao yaandikwe ukutani na kusomwa hadharani siku ya Watakatifu Wote.

Pili, dirisha lolote la mtakatifu lililopo au litakalowekwa lihubiriwe. Mchungaji awaeleze watu wake waziwazi kwamba mtakatifu hatudai kitu, hakasiriki akisahauliwa, wala hapokei unga wala nadhiri. Asipolisema hilo, dirisha litajieleza lenyewe, na huenda likaeleza habari ya Jordan badala ya habari ya Petro aliyesamehewa.

Tatu, tusiwachore watu wetu katika minyororo tu. Shimo la Mkunazini linasema kweli juu ya yale waliyotendewa. Kanisa limeitwa kusema pia yale ambayo Mungu aliyatenda ndani yao baadaye: kwamba mtumwa wa Kiyao alipewa ukasisi mwaka 1890, akasimama Chitangali akigawa Mkate na Kikombe kwa watu waliowahi kuwindwa. Sura hiyo inatimiza heshima zote tatu. Inatufanya tumshukuru Mungu, inatupa ujasiri wa kuamini kwamba hakuna aliyepotea mno, na inatuonyesha kazi ya kuiga. Usharika utakaoiweka katika dirisha lake, au katika mahubiri yake ikiwa hauna dirisha, utakuwa umelishika Ungamo la Augsburg barabara.